Wajibu wa Kusimama

Msomaji, ikiwa umezaliwa Tawa, au umesoma huko katika nchi ya vilima vya Mbooni, yamkini utacheka kidogo ukisikia kwamba insha hii yahusu reli. Tawa haina reli. Siku ya soko husikika sauti za mbuzi, za wachuuzi na za utingo waitao abiria, lakini honi ya treni haisikiki. Basi waweza kuuliza kwa haki: sheria ya kusimama mbele ya reli ina nini nami, niishiye mahali ambapo reli haipiti?

Nakujibu kwamba reli yenyewe haiko mbali sana nawe. Mtu ashukaye kutoka Tawa kuelekea njia kuu ya Nairobi na Mombasa huikuta katika nchi ya chini, penye miji kama Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi. Miji hiyo iko kando ya njia ya chuma iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Mwaka 2017 reli ya pili, pana kuliko ile ya kwanza, ilifunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi. Kijana wa Tawa aendaye kutafuta elimu, kazi au jamaa zake, ipo siku atakuwa ndani ya gari linalokata reli. Na ipo siku, akijaliwa, usukani utakuwa mikononi mwake mwenyewe. Siku hiyo swali la insha hii litakuwa swali lake.

Swali ni hili: kwa nini mtu asimame mbele ya reli ambayo juu yake haoni treni?

Mahali ambapo barabara hukata reli katika usawa mmoja huitwa kivuko cha reli. Jirani zetu wa Tanzania hupaita tambukareli. Sheria za mahali hapo ni chache, na mtoto aweza kuzishika. Mataifa mengi yalizikubali kwa pamoja katika Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani wa mwaka 1968. Dereva akaribiapo reli na apunguze mwendo. Taa ikiwaka, kengele ikilia, au mlango ukianza kushuka, asiingie. Ikiwa hapana taa wala mlango, asiingie mpaka awe amehakikisha kwamba hakuna treni ijayo. Asiingie juu ya reli kabla ya kujua kwamba upande wa pili iko nafasi ya kutokea, asije akakwama katikati nyuma ya gari jingine. Akiisha kuingia, asikawie. Na gari likimharibikia juu ya reli, ajitahidi kuliondoa. Asipoweza, afanye kila awezalo kumwonya mwendeshaji wa treni. Hayo ndiyo yote. Hakuna ndani yake neno gumu wala amri ya ukatili. Lakini amri hizi nyepesi huvunjwa kila siku, na wanaozivunja si wajinga. Wengi wao wamefuzu mtihani wa udereva, na huzijua kama wajuavyo majina yao.

Kabla ya kuwalaumu, tutazame msingi wa sheria yenyewe. Katika makutano ya barabara, magari hupeana nafasi: leo wewe hunipisha, kesho nami hukupisha. Penye reli hakuna kupokezana. Treni haimpishi mtu. Mwenye motokaa ya fahari husimama, mwenye punda husimama, na lori lenye shehena ya saruji husimama. Je, treni imepewa heshima hii kwa sababu ni mali ya serikali, au kwa sababu ni kubwa? Hapana. Imepewa kwa sababu haiwezi kusimama.

Fikiri juu ya gurudumu. Gurudumu la motokaa ni mpira juu ya lami, navyo hushikana. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, navyo hushikana kidogo tu. Wepesi huo ndio huiwezesha injini moja kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Na wepesi huohuo ndio huifanya treni ishindwe kusimama upesi. Treni ya mizigo iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Mwendeshaji wake akikaza breki zote kwa nguvu zake zote, treni iliyosheheni yaweza kuendelea kwa kilomita nzima, na pengine zaidi, kabla haijatulia. Wala hana usukani wa kuikwepesha. Akiona basi la abiria limekwama mbele yake, hana alilobakiwa nalo ila breki, honi na sala. Macho yake huona, moyo wake huumia, lakini mkono wake hauna msaada.

Hapa, msomaji, ndipo lilipo fundisho ambalo kwa ajili yake nimeiandika insha hii. Panapokutana wawili, mmoja aweza kusimama na mwingine hawezi, wajibu wa kusimama humwangukia aliye na uwezo. Sheria haikumshusha dereva wa motokaa ilipomwamuru asimame. Imemtambua kuwa ndiye mwenye hiari mahali hapo. Kati ya viumbe viwili vinavyokutana pale, yeye peke yake ndiye mwenye uchaguzi; na mwenye uchaguzi ndiye mwenye kuulizwa.

Watu wa Ukambani hawahitaji reli ili kulielewa jambo hili, maana wana mito. Mito mingi ya huko ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Watoto huchimba visima ndani yake, na ng'ombe huvuka bila ya kulowa kwato. Kisha mvua hunyesha vilimani, na mto uliolala huamka kwa saa moja. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika maji ya mafuriko. Lilipinduka na kuzama mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maji hayakuwa na nia mbaya, wala hayakuwa na masikio ya kusikia kilio. Mto uliofurika na treni iliyo mwendoni ni ndugu katika jambo hili: havisikii, havihurumii, havisimami. Anayeweza kusimama ni binadamu peke yake.

Lakini yuko atakayepinga, na hoja zake zastahili kusikilizwa. Atasema: "Mimi nina macho. Nikiona reli ni tupu, kusimama ni kupoteza wakati. Sheria iliwekwa kwa ajili ya wasioona mbali."

Hoja hii ina sura ya akili, lakini macho ni shahidi asiyeaminika sana mbele ya treni. Mwaka 1985 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa kikiwa mwendoni huonekana kwenda polepole kuliko kilivyo. Tena treni ijayo kuelekea upande wako haipiti mbele ya macho kutoka kushoto kwenda kulia. Hukua tu mahali pamoja, kidogo kidogo, na jicho hudanganyika kwamba iko mbali bado. Dereva asemaye "nitawahi" mara nyingi hasemi uongo. Asema kile ambacho macho yake yamemwambia. Sheria ilitungwa kwa ajili ya wenye macho mazuri pia.

Na si macho tu yadanganyayo. Mazoea nayo hudanganya. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1938, katika jimbo la Utah huko Marekani, basi la shule lilifika penye kivuko cha reli wakati theluji ikianguka sana. Dereva alisimama kama ilivyompasa. Kisha akaendelea. Treni ya mizigo, iliyokuwa imechelewa saa nyingi nyuma ya wakati wake wa kawaida, ikalipiga basi lile. Watu zaidi ya 20 walikufa, karibu wote wakiwa wanafunzi wa rika lako. Kutokana na msiba huo ilienea huko kanuni kwamba dereva wa basi la shule asiishie kusimama tu. Afungue mlango, atazame, na asikilize, kwa kuwa sikio laweza kupata kile ambacho jicho limenyimwa. Nimekukumbusha habari hii ya mbali ili ujue kwamba kusimama ni mwanzo wa wajibu, wala sio mwisho wake. Asimamaye kwa desturi, akili yake ikiwa mahali pengine, ametii kwa mguu bila ya kutii kwa moyo. Tena asemaye "saa hizi hakuna treni" huitegemea ratiba ambayo hata treni yenyewe huenda haikuifuata.

Hoja ya pili ni ya yule asemaye: "Kivuko kiko porini. Hapana askari, hapana mlinzi, hapana mtu wa kuniona. Sheria isiyo na mlinzi ni sheria gani?"

Huyu amechanganya sheria na adhabu. Adhabu ni fimbo iliyowekwa nyuma ya sheria kwa ajili ya wale wasiosikia sababu. Lakini sababu ilitangulia fimbo. Askari akiwapo, dereva aweza kusimama kwa kuogopa faini. Askari asipokuwapo, ndipo ijulikanapo kama dereva yule ni mtu mzima au ni mtoto aliyepewa gari. Mwanafunzi afanyaye mtihani bila ya msimamizi, na asiibe jibu, amejua kwamba heshima yake ilikuwa yake mwenyewe tangu zamani na haikuletwa na msimamizi. Reli ya porini ni chumba cha mtihani kisicho na msimamizi, na karatasi yake husahihishwa mara moja tu.

Hoja ya tatu ni ya wakati. Abiria wana haraka, mwenye gari ataka hesabu yake jioni, na mshindani yuko nyuma. Na tuhesabu, kwa kuwa wakati ni kitu cha kuhesabika. Ikiwa dereva hukata reli mara mbili kwa siku, na kila mara hutumia nusu dakika kusimama, kutazama na kusikiliza, kwa siku 300 za kazi atakuwa ametumia dakika 300, yaani saa 5 kwa mwaka mzima. Saa 5 ni muda ambao watu wengi huupoteza barazani kwa mazungumzo ya wiki moja. Katika mizani hii, upande mmoja zimewekwa saa 5, na upande wa pili zimewekwa roho za watu wote waliomo ndani ya gari. Asiyejua upande gani ni mzito asishike usukani.

Upande huo wa pili si maneno matupu. Tarehe 30 Oktoba 2013, asubuhi, basi lililokuwa likichukua watu wa mtaa wa Umoja kwenda mjini Nairobi liligongana na treni penye kivuko cha reli, na watu zaidi ya 10 walikufa. Mwezi Novemba 2023, huko Manyoni katika mkoa wa Singida, Tanzania, basi la abiria na treni viligongana vilevile, wakafa watu 13. Sikutaja misiba hii ili kumhukumu mtu. Hukumu ina wenyewe. Nimeitaja ili tuwakumbuke waliokuwa wameketi vitini, ambao hawakushika usukani wala breki. Mmoja alikuwa akienda kazini, mwingine kumwona mgonjwa, mwingine pengine amelala huku ameegemea dirisha. Dereva aliye peke yake akijihatarisha, amecheza na mali yake. Dereva wa abiria amewekewa amana, na amana haichezewi hata kwa ridhaa ya moyo wa mwenye kuitunza.

Hapo husikika methali ambayo sisi sote tumeirithi: ajali haina kinga. Ni methali ya faraja. Huwafaa waliofiwa, kwa kuwa huwaondolea mzigo wa kujiuliza usiku kucha kama wangaliweza kuizuia ajali ile. Lakini neno lililo dawa matangani laweza kuwa sumu barabarani. Dereva akilitamka kabla ya safari, amelifanya kuwa ruhusa. Wazee waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine, kwamba tahadhari kabla ya hatari. Nao hawakuwa wakijipinga wenyewe. Yako mambo yasiyo na kinga, kama mti uangukao ghafula juu ya mpita njia. Lakini reli haisogei kutoka mahali pake. Jana ilikuwa pale, na leo iko pale. Treni haitoki ndani ya reli kumwinda mtu shambani mwake. Ajali ya mahali panapojulikana, itokayo upande unaojulikana, kinga yake inajulikana.

Haki yataka niseme pia upande wa wenye mamlaka, maana sheria isiyowabana wakubwa si sheria kamili. Anayemwamuru dereva atazame, na apunguze majani na vichaka vizuiavyo macho. Anayemwamuru asikilize, na ahakikishe honi ya treni inapigwa. Penye watu wengi na iwekwe taa, kengele, mlango na mlinzi. Ile reli mpya ya mwaka 2017 ilijengwa ikiwa imeinuliwa juu ya tuta na madaraja, hata barabara nyingi hupita chini yake au juu yake. Hiyo ndiyo kinga bora kupita zote, kwa kuwa wasiokutana hawagongani. Lakini reli ya zamani bado ina vivuko vya usawa mmoja, na kujenga daraja penye kila kivuko ni kazi ya fedha nyingi na miaka mingi. Je, mpaka siku hiyo ifike, dereva ameondolewa wajibu wake? Hasha. Jirani yako asipoziba shimo lake, ana kosa. Lakini kosa lake halikupi wewe ruhusa ya kumtumbukiza mtoto wako ndani yake. Lawama tuipeleke panapostahili, kwa barua na kwa kura. Lakini breki tuikanyage sisi wenyewe.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu lakuhusu wewe leo, kabla hujapata leseni. Wewe ni kijana, tena ni abiria. Umefundishwa kuwaheshimu wakubwa, na dereva ni mkubwa wako. Gari lakaribia reli, naye hapunguzi mwendo. Moyo wako wakuambia sema, na malezi yako yakuambia nyamaza. Ufanye nini?

Nasema: sema. Heshima haikuwekwa ili mtu afe nayo. Katika nyumba iwakayo moto, mtoto humwamsha baba yake bila ya kungoja ruhusa, na hakuna baba aliyemwadhibu mtoto kwa kumkatiza usingizi namna hiyo. Ziko njia za kusema zisizovunja adabu: "Baba, tafadhali tusimame kwanza tutazame." Maneno haya hayana tusi. Pengine dereva atakasirika, na abiria wengine watakucheka na kukuita mwoga. Vumilia. Aibu ya kuchekwa hupoa kabla ya kufika kituo cha pili. Aghalabu utakuta kwamba mama aliyeketi nyuma yako alikuwa na neno lilelile ulimini, naye alikuwa akingoja mtu wa kwanza. Ndani ya basi lenye watu 40 walionyamaza, kila mmoja hudhani kwamba wenzake wameridhika. Akisema mmoja, hujulikana kwamba walikuwa wengi.

Na ukienda kwa miguu, au ukibebwa kwa bodaboda, sheria ni ileile. Usipite chini ya mlango ulioshuka kwa sababu mwili wako ni mwembamba. Usiweke vipokea sauti masikioni ukikaribia reli. Treni moja ikiisha kupita penye njia mbili, ngoja kwanza, isije ikawa nyingine yatoka upande wa pili nyuma ya mgongo wa ile ya kwanza.

Nilianza kwa kukiri kwamba Tawa haina reli. Sasa nakuomba uitazame njia ya maisha yako, uone kama haina vivuko. Hasira ya mtu aliyepandwa na ghadhabu ni treni: yeye hawezi kusimama wakati ule, lakini wewe unaweza. Ulevi wa rafiki ni treni, na kelele za kundi lililokwisha kuamua ubaya ni treni. Watu wengi wameangamia huku wakidai, kwa haki, kwamba nafasi ilikuwa yao. Mwenye hekima haulizi kwanza nafasi ni ya nani. Huuliza ni nani kati yetu awezaye kusimama. Akiona kwamba ni yeye, husimama, hutazama kulia na kushoto, husikiliza, kisha huendelea na safari yake, nao aliowachukua hufika pamoja naye.